Kabla ya Kuweka Sahihi: Haki ya Kuuliza Ilikotoka

Leo tunazungumzia ile karatasi ambayo mgonjwa hupewa aweke sahihi au kidole gumba kabla ya upasuaji. Karatasi hiyo ina historia, na mama akiijua hataiogopa.

Zamani, karibu kila mahali duniani, daktari aliamua na mgonjwa akatii. Mwaka 1914 mahakama ya New York, Marekani, ilisikiliza kesi ya mwanamke aliyesema alipasuliwa bila kukubali. Ikaeleza kwamba mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kuamua mwili wake utafanyiwa nini. Mwaka 1947, mahakama iliyokaa Nuremberg, Ujerumani, iliwahukumu madaktari waliowafanyia wafungwa majaribio ya kikatili, ikasema hakuna jaribio bila mtu kukubali kwa hiari yake. Kisha mwaka 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata yakatangaza kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga huduma zao za afya.

Na sisi huku kwetu je? Serikali ya kikoloni ilifunga eneo hili, likiitwa Northern Frontier District, mtu akawa haingii wala hatoki bila kibali. Baada ya uhuru wa 1963 tuliishi chini ya sheria za hali ya hatari hadi zilipoondolewa mwaka 1991. Mtu aliyelelewa kwa amri hujifunza kunyamaza mbele ya afisa wa serikali, na daktari pia alikuwa mtu wa serikali. Si ajabu basi kwamba wazee wetu wengi walipokea dawa bila kuuliza ni za nini.

Mambo yamebadilika. Katiba ya 2010 ilimpa kila mtu haki ya afya, na ikakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu akueleze hali yako, matibabu yaliyopo, faida zake, hatari zake na gharama. Akueleze pia kwamba unaweza kukataa, na ukikataa kutatokea nini. Tena atumie lugha unayoielewa. Kama ni Kisomali, omba utafsiriwe.

Sasa fikirieni mama aliye katika uchungu. Mtoto amelala vibaya tumboni, na daktari anashauri upasuaji. Jamaa wanasema, "Tumngoje baba yake mtoto." Baba yuko malishoni na ngamia, simu haishiki. Saa zinapita, mtoto anachoka, na mfuko wa uzazi unaweza kupasuka. Akina mama, mwanamke aliyetimiza miaka 18 na mwenye akili timamu, sahihi yake mwenyewe inatosha. Kushauriana na mume na wazee ni jambo jema, lakini lifanyike mapema, tangu siku za kliniki. Na mgonjwa akiwa hawezi kusema, huku kuchelewa kukihatarisha maisha yake, sheria inaruhusu atibiwe, mradi hakuwa amekataa.

Kabla ya kuweka sahihi, uliza: Nina shida gani? Je, kuna njia nyingine? Nikikubali kuna hatari gani, na nikikataa itakuwaje? Nina muda gani wa kufikiri?

Wewe pia una sehemu yako. Mwambie daktari kama umekunywa dawa za kienyeji, kama uliwahi kupasuliwa, au kama ulitokwa na damu nyingi uzazi uliopita. Daktari anajua ugonjwa, lakini wewe ndiwe unayeujua mwili wako na nyumba yako. Uamuzi mzuri unawahitaji nyote wawili.

Muulizaji si mkorofi. Ulizeni, na sisi wauguzi ni kazi yetu kuwajibu.