Vyombo vya Wazaramo na Kijiji cha Makumbusho

Watu wakaao Kinondoni, na hata watu wa Temeke wapitao huko kwa shughuli zao, hulitaja jina la Makumbusho kila siku, kwa kuwa ni kituo cha magari. Wachache hukumbuka ya kuwa jina hilo lilitokana na kijiji kilicho jirani, kijiji ambacho nyumba zake zilijengwa ili zitazamwe. Ndicho Kijiji cha Makumbusho cha Kijitonyama, kando ya barabara ya Bagamoyo, kilomita 10 hivi kutoka mjini. Kilifunguliwa mwaka 1967, na humo zimejengwa nyumba za makabila mbalimbali ya Tanzania, pamoja na vyombo vyao.

Nchi hii ya viungani ilikuwa ya Wazaramo kabla Sultani Majid wa Unguja hajaanza kujenga mji wake karibu na Mzizima, katika miaka ya 1860. Vyombo vya Mzaramo vyaonyesha alivyoishi: jembe na shoka, kinu na mchi, ungo wa kupepetea, mtungi wa maji, kata ya kifuu, mbuzi ya kukunia nazi, na kifumbu cha kuchujia tui. Mama wa Mbagala akiambiwa alipe kiingilio akaitazame mbuzi, yamkini atacheka, maana anayo yake uani. Vyombo vingine havijawa vya kale bado, wala si kila kitu kilichomo katika makumbusho kimekufa.

Lakini mwana hiti ni habari nyingine. Ni kinyago kidogo cha mti, chapata kutoshea mkononi, kiwiliwili chake mviringo kisicho na mikono wala miguu, na kichwani nywele zimechongwa mafungu mawili. Msichana alipovunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali, akapewa mwana hiti amtunze kama mtoto: ampake mafuta, amlee. Umbo lilo hilo lilichongwa pia juu ya fimbo za wakubwa, na katika viti, na katika nguzo za makaburini. Wakwere na Waluguru nao walikuwa nacho. Mtu asiyejua aweza kukidhani sanamu ya kuabudiwa, na Wakristo wengi tumekihofu kwa sababu hiyo. Mimi naona kwa mwali kilikuwa mafunzo ya umama, na habari za ukoo kuendelea.

Sasa vinyago vya namna hii vimetapakaa katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Mwaka 1889 serikali ya Kijerumani iliagiza ya kuwa vitu vikusanywavyo na safari zake katika makoloni vipelekwe Berlin kwanza. Hivyo vitu vya nchi yetu vilivyofika huko vikawa maelfu, vingine vikiwa vimetekwa katika vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Katika vitabu vya makumbusho hayo jina la mkusanyaji huandikwa mara nyingi, lakini jina la fundi aliyechonga ni nadra. Hapo ndipo ninapoona hasara kubwa kuliko hata ile ya kupoteza mti wenyewe, kwa maana kinyago chaweza kurudishwa kwa meli, lakini jina lisiloandikwa halina njia ya kurudi.

Hapa kwetu nyumba ya makumbusho ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1934, ikafunguliwa kwa watu wote mwaka 1940 kwa ukumbusho wa Mfalme George wa Tano. Humo chombo huwekwa katika kabati la kioo, mchwa wasikile. Kijiji cha Kijitonyama kilifuata njia nyingine, ambayo Artur Hazelius aliionyesha huko Stockholm mwaka 1891, alipofungua Skansen na kuzihamishia humo nyumba za wakulima wa Uswidi.

Ila nyumba ya miti, udongo na nyasi katika hewa ya pwani haidumu. Mvua huosha udongo, mchwa hula nguzo, na baada ya miaka michache lazima ijengwe upya. Wengine huona hili ni udhaifu, nami naliona ni faida, kwa sababu kila nyumba ianguKapo lazima atafutwe mtu ajuaye kuijenga. Tena mwaka uliofunguliwa kijiji hiki ndio mwaka wa Azimio la Arusha. Kati ya 1973 na 1976 mamilioni ya watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, wakaacha nyumba zao za zamani mahali pengi. Katika miaka ya 1990 kijiji kikaanza kuyaalika makabila yenyewe, moja baada ya jingine, yaje na ngoma, vyakula na vyombo vyao, yakaeleza yenyewe kila kitu kinaitwaje na kinatumikaje.

Kumpata mtu wa kukandika ukuta au kusuka makuti si kazi ngumu bado. Kwa mwana hiti ni shida zaidi: mchongaji aweza kuiga umbo kwa kutazama kioo, lakini maneno aliyofundishwa mwali alipokabidhiwa yalikaa kwa makungwi, na makungwi waliobaki ni vikongwe.