Nzima, Ila Haitumiki

Mwaka 2007 yalitokea mambo mawili makubwa katika historia ya simu, na mara nyingi hukumbukwa moja tu. Mwezi Januari, San Francisco, Steve Jobs alipanda jukwaani akaionyesha iPhone, ambayo ilianza kuuzwa Marekani tarehe 29 Juni. Katikati ya tarehe hizo, mwezi Machi, Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya. Mwaka uliofuata Vodacom ikaileta Tanzania. Ya kwanza ilikuja na kioo kipana na mfumo endeshi wake yenyewe, uliofungwa kama nyumba yenye geti. Ya pili ilikaa ndani ya laini na haikuuliza umeshika simu ya nani.

Nayaweka pamoja kwa sababu mjadala wa "iPhone au Android", ambao nausikia kwenye daladala, saluni na hata msibani, huanzia katikati. Watu hulinganisha kamera, hulinganisha chaji, kisha humaliza kwa kucheka umaskini wa wenzao. Mimi tangu nianze kazi nimeshika simu za mifumo minne tofauti. Kioo kimewahi kupasuka, betri imewahi kuvimba, na hayo yote fundi aliyamaliza kwa siku moja. Kilichonifanya nibadilishe simu kila mara kilikuwa kingine: simu nzima, inawaka, inapiga, lakini mfumo wake umeachwa na waliouunda. Habari hiyo ya kuachwa ndiyo naiona historia yenyewe, na sisi wa upande huu wa dunia tumeionja zaidi, kwa kuwa simu hapa hurithiwa. Mjomba akinunua mpya, ya zamani inakwenda kwa mkewe, kisha kwa mtoto wa sekondari, kisha kijijini.

Kabla ya ugomvi wa sasa tulikuwa watu wa Symbian, wengi wetu bila kulijua jina hilo. Kampuni ya Symbian iliundwa London mwaka 1998, ikirithi mfumo wa Psion, watengenezaji wa kompyuta za mfukoni; Nokia na Ericsson walikuwa miongoni mwa wenye hisa. Ukitaja Nokia 6600, ya mwaka 2003, mtu wa umri wangu hutabasamu. Ilikuwa nene kama kipande cha sabuni. Nyimbo zilihama kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth, na kabla ya hapo kwa infraredi, ambapo simu mbili zililazwa mezani zikitazamana na mwenye meza akakataza mtu kupita. Bongo Fleva nyingi niliyoijua miaka ile sikuinunua wala kuipakua. Ilitoka kwenye mfuko wa mtu mwingine.

Kero yake? Vyeti. Toleo lililokuja baadaye lilitaka kila programu iwe na sahihi ya kidijitali inayotambulika, na sahihi hiyo ilikuwa na mwisho wake. Ukijaribu kuweka mchezo, simu inakwambia cheti kimepitwa na wakati. Dawa iliyoenea ilikuwa kurudisha tarehe ya simu nyuma, mwaka au miwili, kuweka mchezo, kisha kuirudisha tarehe ya leo. Ukisahau hatua ya mwisho, kengele ya asubuhi inalia siku isiyo yake. Nimewahi kumwona kijana wa Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, akitoza hela kwa kazi hiyo tu ya kuirudisha simu mwaka jana.

iPhone ilipoanza kuonekana mikononi mwa watu hapa, uzuri wake haukuwa na ubishi. Lakini ilikuwa na ubahili wa ajabu. Duka lake la programu lilifunguliwa Julai 2008, mwaka mzima baada ya simu yenyewe. Kunakili maneno na kuyabandika kwingine, jambo ambalo simu za bei ya chini zaidi ziliweza, kulikuja 2009. Bluetooth ilikuwamo, ila haikukubali kutuma wala kupokea wimbo kutoka simu za wengine. Basi ukawa na mtu mwenye simu ghali kuliko zote kijiweni, na wimbo mpya unazunguka, yeye pekee anaangalia.

Na laini ilikuwa moja. Hili msomaji wa Ulaya huenda asilione kuwa jambo. Huku kwetu kupiga nje ya mtandao kulikuwa ghali, kwa hiyo mtu alikuwa na laini ya ndugu, laini ya biashara, pengine na ya tatu kwa ajili ya bando la usiku. Laini zilikaa nyuma ya betri, zimefungwa kwenye karatasi. Nokia wenyewe, waliolitawala soko hili, walichelewa kutoa simu za laini mbili hadi 2010. Tecno, jina lililoanza mwaka 2006, walikuwa wameshaliona pengo hilo na kulifanya duka. Watu waliwaita Wachina kwa dharau, huku wakinunua. iPhone ya kwanza kubeba namba mbili ilikuja Septemba 2018, na huko kwao ilitangazwa kama jambo jipya.

BlackBerry naipita haraka, maana kwetu ilikuwa ya watu wa ofisi na wanafunzi wa vyuo waliotaka kuonekana. Ilikuwa na kitufe cha mpira kilichoingia vumbi na kukwama, na ikiganda ilibidi ung'oe betri, kisha usubiri saa ya mchanga izunguke hadi chai ipoe. Oktoba 2011 huduma yake ilikatika kwa siku kadhaa Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika kwa wakati mmoja. Hapo nadhani wengi walitambua kwa mara ya kwanza kwamba ujumbe wao wa kutoka Posta kwenda Mwenge ulikuwa ukitegemea mitambo iliyoko nchi nyingine kabisa.

Android ndiyo iliyoleta simu janja kwa watu wa kawaida. Ilianza kama kampuni ndogo Marekani mwaka 2003, Google wakainunua 2005, simu ya kwanza ikatoka 2008. Kenya mlango ulifunguliwa na Huawei IDEOS, simu ndogo iliyouzwa na Safaricom kwa bei iliyokuwa chini ya dola 100. Kioo chake kilikuwa cha inchi 2.8. Nafasi yake ya ndani haikufika gigabaiti moja, na kutoka hapo ndipo ilipozaliwa kero kuu ya Android, ile sentensi ambayo Waafrika Mashariki wengi wameisoma mara nyingi kuliko salamu: nafasi haitoshi.

Ukitaka kumjua mtu, mtazame anavyofuta. Kwanza zinaondoka video za maua na "asubuhi njema". Kisha picha za harusi ya jirani. Kisha programu ya benki, kwa hoja kwamba benki ipo tu. Memori kadi inasaidia picha, lakini programu nyingi hukataa kuhamia huko, au huhamia nusu. Na kumbe anayekula nafasi ni mfumo wenyewe na programu zile zile, ambazo kila zikisasishwa huongezeka uzito kwa kuwa waziandikao hushika simu za mwaka huu. Anayesasisha anamaliza bando na nafasi. Asiyesasisha anaambiwa toleo lake ni la zamani. Google walilikiri tatizo hilo kwa vitendo mwaka 2017 walipotoa Android Go, toleo jepesi kwa simu zenye RAM ya gigabaiti moja au pungufu.

Kero ya pili ya Android haionekani kwa macho. Google huandika mfumo, kisha kila mtengenezaji huuvisha nguo zake, na toleo jipya likitoka ni yeye anayeamua kama simu uliyonunua italipata. Matoleo yalipewa majina ya vitu vitamu kwa mpangilio wa alfabeti: Cupcake, Donut, Eclair, hadi Oreo na Pie. Simu nyingi za bei ya chini zilizouzwa huku zilibaki na utamu ule ule zilioondoka nao kiwandani. iPhone hapa inashinda, lazima niseme: masasisho yake hufika siku moja kwa wote, miaka mingi. Ingawa nayo, Desemba 2017, Apple walikiri kwamba programu yao ilikuwa ikipunguza kasi ya simu zenye betri zilizochoka, na Februari 2020 Ufaransa ikawatoza faini ya euro milioni 25. Kosa lililoadhibiwa lilikuwa kutowaambia wateja.

Kuambiwa. Hapo ndipo ninapoona tofauti kubwa kuliko ya mfumo na mfumo.

Serikali zetu nazo zimewahi kuzima simu. Kenya ilizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, Tanzania katikati ya Juni 2016. Ilikuwa bughudha, na waliokuwa na simu za magendo bila kujua waliumia. Lakini hakuna aliyesema hakusikia. Redio zilitangaza kwa miezi, kwenye mabasi watu walibonyeza *#06# wakasomeana namba, wakazituma 15090 kuhakiki. Bibi asiyejua kusoma alijua tarehe.

Sasa tazama upande wa mifumo. Februari 2011 Stephen Elop, mkuu wa Nokia, aliwaandikia wafanyakazi wake barua akiifananisha kampuni na mtu aliyesimama juu ya jukwaa linaloungua. Siku chache baadaye Symbian ikawekwa kando na Windows Phone ikachukuliwa. Februari 2013 Microsoft, pamoja na Huawei, walizindua simu ya Windows iliyotengenezwa kwa ajili ya Afrika, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo. Ulikuwa mfumo mzuri, mwepesi hata kwenye simu dhaifu, na nasema hivyo bila kuulizwa. Ulichokosa ni programu. Januari 2020 msaada wake wa mwisho ulikoma. WhatsApp iliiacha Symbian katikati ya 2017, BlackBerry mwisho wa mwaka huo huo, Nokia za S40 mwisho wa 2018, Windows mwisho wa 2019. Sababu iliyotolewa ni kwamba mifumo hiyo haikuwa na uwezo unaohitajika mbele ya safari, na kiufundi sina ubishi nayo. Taarifa hizo hutoka kwenye blogu na kurasa za maswali na majibu. Hakuna gari la matangazo linalopita mtaani.

Shangazi yangu, anayekaa Tanga, ni mweka hazina wa kikoba cha wanawake 22. Alikuwa na simu ya vitufe aliyoipenda. Jina la kampuni silitaji, wala la programu waliyotumia kuchatia. Siku moja kundi likanyamaza. Akaweka bando, kimya. Akazima na kuwasha. Alinipigia siku ya nne.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hivi mtu akiondolewa kwenye kundi, anaambiwa?"

Alikuwa ameamini wenzake wamemtoa. Wiki ile kulikuwa na maneno kuhusu mkopo wa mwanachama mmoja, naye akayaunganisha. Siku tatu hakupita njia ya sokoni ili asikutane na mwenyekiti. Daftari la hesabu alikuwa amelifunga kwenye kanga, tayari kulipeleka na kujiuzulu. Nilipomweleza kwamba simu yake imeachwa na programu, kwamba hata mwenyekiti akitaka hawezi kumrudisha kwa simu ile, alikaa kimya kidogo, kisha akauliza: "Wameiacha kwa kosa gani?"

Nilimnunulia ya Android, ya bei ya kati. Ilimchukua wiki kuzoea kioo, na mpaka leo anabonyeza kwa nguvu kama anayebisha hodi. Lakini hela za kikoba amekataa kuzigusa kwa programu yoyote. Anabonyeza *150*00#, menyu ya Kiswahili inatokea, anajibu moja, mbili, tatu. Menyu hiyo ina kero zake, hukatika katikati ukiwa unaandika namba ya siri. Lakini amekuwa nayo tangu simu yake ya kwanza na haijamtaka anunue nyingine.

Kuna waliojaribu njia ya katikati. KaiOS, iliyotokana na mfumo wa Firefox uliotelekezwa, iliweka WhatsApp ndani ya simu za vitufe, na Vodacom Tanzania mwaka 2019 waliiuza kwa jina la Smart Kitochi. Juni 2024 WhatsApp ilifunga mlango wa kuipakua kwenye simu hizo pia. Wakati huo huo Google na Samsung, kwa simu zao za juu, wanaahidi masasisho ya miaka saba. Simu hizo bei yake inanunua pikipiki kuukuu.

Kariakoo siku hizi nasikia swali jipya. Zamani mteja aliuliza kamera ngapi na betri inakaa siku ngapi. Mwezi uliopita mama mmoja alimshikilia muuzaji kwa dakika kumi akitaka kujua simu ile itakubali mpaka mwaka gani. Kijana alicheka, akasema, "Mama, hii mpya kabisa." Mama akarudia swali.

Simu ya vitufe ya shangazi ipo kabatini. Huichaji kila Jumapili, maana redio yake inashika vizuri kuliko ya hii mpya, ambayo bila kuchomeka waya wa masikioni haishiki stesheni yoyote.