Vitufe Vilivyohamishwa

Kibanda cha kuchapa cha Kabazana, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, kina kompyuta moja, printa moja na benchi la kungojea zamu. Wa kwanza anataka ombi la kazi kwa Kiingereza. Wa pili ametoka Bukavu, Kongo. Maelezo yake ni ya Kifaransa, yamejaa é na ç. Wa tatu kaleta tangazo la kanisa kwa Kiswahili. Kibodi ni ile ya Kiingereza, yaani A haiko pale Mkongo alipoizoea. Nikachungulia kioo: juu kabisa, ubavuni mwa kitufe cha kuhifadhi, mchapaji amepachika kitufe cha herufi maalumu. Anabonyeza, anachagua é, anaendelea. Asingekihamishia pale, angefungua menyu upya kwa kila herufi, na foleni ingefika barabarani.

Nakivale ilipoanza kupokea wakimbizi wa Rwanda, mwishoni mwa miaka ya 1950, barua za ofisini zilipigwa kwa taipureta. Herufi zilikaa zilipowekwa kiwandani. Mkono ndio uliojifunza kuzifuata. Mwaka 1991 Word 2.0 ya Windows ilimruhusu mtumiaji kubadili vitufe vya upauzana, na Word 6.0 ya mwaka 1993 ikarahisisha: unakivuta kitufe kwa kipanya, unakiweka unapotaka. Anayechapa mikataba aliweka vyake, anayechapa mitihani akaweka vyake.

Kisha Office 2007 ikaziondoa safu hizo za vitufe na kuleta utepe mpana wenye vichupo. Vidole vilivyokuwa vikienda vyenyewe vikaanza tena kutafuta. Wachapaji waliachiwa upau mdogo tu pale juu wa kupanga wenyewe. Kujitengenezea kichupo kamili kuliruhusiwa katika toleo la 2010. Upau ule mdogo, hata hivyo, una faida ambayo wengi hawaijui: kila kitufe kina namba yake. Shika Alt, bonyeza 1, 2 au 3, na kazi imefanyika bila kugusa kipanya.

Njia nyingine ilianzia Ujerumani. Marco Börries aliianzisha kampuni ya Star Division mwaka 1985, na humo ikazaliwa programu ya ofisini, StarOffice. Kampuni ya Sun iliinunua Star Division mwaka 1999, mwaka uliofuata ikaufungua msimbo wa StarOffice kwa umma, na OpenOffice.org ikaanza. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ukatoa Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili. Kwangu mimi mwaka huo unaupita ule wa 1991. Huwezi kupanga zana ambazo majina yake huyasomi, na mtu aliyesoma kwa Kifaransa kisha akakimbilia nchi inayotawaliwa kwa Kiingereza anaweza kukuta Kiswahili ndiyo lugha pekee anayoielewa kwenye kioo cha jirani yake. Watu wa Dar es Salaam waliokaa wakatafuta neno la kila kitufe walitufanyia kazi kubwa, na bado hatujawashukuru inavyostahili.

Mwaka 2010 LibreOffice ilichipuka kutoka shina hilohilo. Ndiyo iliyomo kwenye kompyuta ya kibanda hiki, na haidai senti. Ndani yake mpangilio wa vitufe unaweza kuhifadhiwa katika hati yenyewe, ukasafiri nayo. Lipo pia toleo la kubebeka, linalokaa lote ndani ya flashi, programu pamoja na mipangilio yake.

Mchapaji ana flashi ya namna hiyo, kaifunga kwenye ufunguo wa mlango. Umeme ukikatika siku nzima hupanda gari hadi mjini Mbarara, akakodi kompyuta kwa saa. Huchomeka flashi, husubiri kidogo, na upau hutokea kama alivyouacha Kabazana: kuhifadhi, herufi maalumu, kuchapisha.

Wa pili kwenye benchi alisomewa maelezo yake kabla hayajachapishwa. Jina la mama yake lilikuwa na é mbili. Zote zilikuwapo.