Umri wa Mawe na Umri wa Milima: Mfano wa Nchi ya Geita

Msafiri afikaye Nkome, kandokando ya Ziwa Victoria katika nchi ya Uzinza, hakuti mlima mrefu. Mbele yake ni maji, na nyuma yake, upande wa Geita, ni vilima vyenye migodi ya dhahabu. Hata hivyo, miamba ya nchi hiyo iliwahi kufunikwa na miamba mingine yenye unene wa kilomita kadhaa, ambayo leo haipo. Jinsi ilivyoondoka hakuna mzee awezaye kusimulia. Habari zake zimehifadhiwa katika chembe za madini, na azisomaye hana budi kuuliza kwanza: umri huu ni umri wa nini?

Zirkoni ndiyo shahidi mkongwe kuliko wote. Chembe yake, igandapo katika mwamba ulioyeyuka, hupokea urani kidogo lakini huikataa risasi. Baadaye urani hiyo hugeuka risasi kwa mwendo usiobadilika: nusu ya urani ya namba 238 huisha kwa miaka milioni 4,468. Kwa hiyo risasi ikutwayo ndani ya chembe ni kipimo cha muda. Kwa njia hii miamba mingi ya ukanda wa Geita imeonekana kuwa na miaka milioni 2,700 hivi. Huo ni umri wa kuganda.

Madini mengine hujibu swali jingine. Katika ulanga mweusi, potasiamu huzaa hewa ya agoni, nayo hewa hiyo huponyoka mpaka joto lishuke hadi digrii 300 hivi za Selsiasi. Katika apatiti, atomu za urani zipasukapo huacha vijia vyembamba, ambavyo hufutika joto lizidipo digrii 110 hivi. Price na Walker walionyesha mwaka 1963 kwamba vijia vya namna hii vyaweza kuhesabiwa ili kujua umri wa madini. Basi chembe tatu za jiwe moja zaweza kutoa tarehe tatu, na zote zikawa za kweli, kwa kuwa kila moja ilianza kuhesabu jiwe lilipofikia kiwango chake cha joto.

Hapo ndipo mmomonyoko unapopimika. Katika nchi nyingi joto huongezeka digrii 25 hivi kwa kila kilomita ya kwenda chini. Ikiwa apatiti iliyookotwa juu ya ardhi ina umri wa miaka milioni 100, maana yake ni kwamba wakati huo ilikuwa chini kiasi cha kilomita tatu au nne, na kwamba miamba iliyokuwa juu yake imekwisha kuondolewa tangu hapo. Lakini jambo moja lapasa kuangaliwa. Chembe hiyo haisemi nchi ilikuwa na kimo gani. Yasema tu kwamba kifuniko chake kiliondoka. Kuinuka ni jambo moja, na kufunuliwa ni jambo jingine.

Nchi ya Geita na jirani zake yathibitisha tofauti hiyo. Mawe ya matale yaonekanayo Mwanza yaliganda chini sana, na dhahabu ya Geita vilevile iliwekwa ndani ya ardhi. Mmomonyoko ndio uliovifikisha hapa juu. Je, kazi hiyo ilifanyika lini? Mwadui, katika Shinyanga, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, pana kasoko iliyofanyika baina ya miaka milioni 40 na 53 iliyopita. Mashapo yaliyotua ndani ya kasoko hiyo yangaliko. Kama nchi ingalipoteza kilomita moja ya unene tangu wakati huo, mashapo hayo yangalikwisha kutoweka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mmomonyoko ilitangulia kasoko.

Ama kuinuka kwa nchi ni habari ya karibu zaidi. Mito Kagera na Katonga zamani ilikwenda magharibi. Nchi iliyo kando ya Bonde la Ufa la Magharibi ilipoinuka, mito hiyo ilizuiwa, maji yakakusanyika, na ndipo lilipopatikana ziwa lifikalo Nkome. Wengi hulikadiria umri wa miaka 400,000 hivi. Mwinuko huo haukuondoa kifuniko kikubwa, kwa hiyo haukuacha alama katika apatiti. Mashahidi wake ni mito. Ruwenzori, kwa upande wake, ina miamba yenye zaidi ya miaka milioni 2,000, lakini imepanda hadi mita 5,109 hasa katika miaka milioni chache iliyopita. Huko jiwe ni kongwe na mlima ni kijana. Geita jiwe ni kongwe na mlima umekwisha.

Kutokana na hayo, neno umri likiachwa peke yake katika maandishi ya Kiswahili litampoteza msomaji. Asomaye kwamba Ruwenzori ina miaka milioni 2,000 atadhani mlima huo umesimama muda wote huo, naye hatakuwa na kosa. Kosa ni la maneno aliyopewa. Lugha yenyewe haina upungufu, kwani ina kuganda, kupoa, kufunuliwa na kuinuka. Waandishi wa vitabu vya shule na watunga kamusi wangefaa kuyatenga maneno hayo manne, na kila tarehe ya jiwe iandikwe pamoja na tendo lake.