Misikiti Yetu Ilitoka Baharini: Historia ya Matumbawe ya Kunduchi na Deni Tulilonalo



Leo hatuzungumzii vitambaa wala mishono. Tunataka kuwasimulia jambo lililotukuta dukani kwetu Tandika, Temeke, tunakoshona magauni ya harusi. Bi harusi mmoja alitaka ukumbi wake upambwe kwa sura ya bahari. Tukanunua makome, kauri na mawe meupe yenye matawi, mazuri kama lesi. Siku ya kupanga meza, bibi yake, mjane wa mvuvi, akashika jiwe moja akasema, "Hili si jiwe, wajukuu zangu. Hili ni tumbawe. Lilikuwa hai. Mmeweka maiti mezani."

Tulicheka, halafu tukanyamaza. Tangu siku ile tukaanza kuuliza wazee na kusoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Tumbawe hujengwa na viumbe wadogo laini, maelfu kwa maelfu, wanaojitengenezea nyumba ya chokaa. Weupe tuliouona ukumbini ulikuwa mifupa yao. Yale matumbawe makubwa ya duara hukua kama sentimita 1 tu kwa mwaka. Lenye kimo cha mtoto wa miaka minne au mitano lilianza kukua kabla bibi zetu hawajazaliwa. Humo ndimo changu, kolekole na pweza wanapopata chakula na mahali pa kujificha, na humo ndimo mawimbi yanapovunjika kabla hayajafika kwenye nyumba zetu.

Sasa twendeni Kunduchi, Kinondoni. Pale kwenye mibuyu kuna magofu ya msikiti wa karne ya 15 au ya 16, na makaburi ya karne ya 18 yenye nguzo zilizopachikwa sahani za kauri kutoka China. Msikiti ule umejengwa kwa mawe ya matumbawe, ukashikizwa kwa chokaa iliyotokana na matumbawe. Ndivyo ilivyokuwa pwani yote, kuanzia Kilwa hadi Lamu. Kwa mihrabu na nakshi, mafundi walichukua tumbawe bichi kutoka majini, kwa sababu likiwa bichi huchongeka kwa urahisi, na likikaa hewani hukauka likawa gumu. Sisi mafundi wa sindano tuliposikia hayo tuliwaheshimu sana wale mafundi wa patasi. Mababu zetu walisujudu mbele ya mihrabu iliyotoka baharini.

Lakini tuseme kweli, bahari haikuachwa ipumzike. Mji ulipokua, matumbawe yaliendelea kuvunjwa na kuchomwa kwenye matanuri ya chokaa, juu ya magogo yaliyopangwa kwa duara. Wengi wetu tumekulia kwenye nyumba zilizopakwa chokaa hiyo bila kujua imetoka wapi.

Mwaka 1975 serikali ilitangaza visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini kuwa hifadhi. Naam, ni Mbudya ileile mnayokwenda kupiga picha za fungate. Ila kwa miaka mingi hifadhi ilikuwa ya kwenye karatasi. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ilikuja mwaka 1994, ndipo kikapatikana chombo maalumu cha kuzisimamia. Mwaka 2007 visiwa vya upande wa Kigamboni, kama Sinda na Kendwa, navyo vikaingizwa.

Katika miaka hiyo yote adui mkubwa alikuwa baruti. Uvuvi huo ulianza kusikika pwani yetu miaka ya 1960, na sheria ikaukataza. Mlipuko mmoja huua samaki wakubwa kwa wadogo, na huliacha tumbawe limekuwa kokoto. Kokoto hizo hubingirishwa na mawimbi, kwa hiyo matumbawe machanga hayapati pa kushika. Ni kama kitambaa kilichochanika kikafumuka: kila ukigusa, kinazidi kuachia. Na wako wavuvi waliorudi nyumbani bila mkono, na wako ambao hawakurudi kabisa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 wanajeshi wa majini waliingia kazini, milipuko ikapungua. Miaka ya 2000 ikarudi. Mwaka 2015 watafiti walizunguka pwani nzima ya Tanzania wakisikiliza kwa vifaa vya chini ya maji, wakahesabu milipuko 318 kwa takriban mwezi mmoja. Karibu asilimia 62 ilitokea ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Hapa hapa kwetu! Baada ya hapo vyombo vya serikali vikaungana kufanya msako, na milipuko ikapungua sana.

Je, kilichobomoka kinaweza kushonwa? Kidogo kidogo, inshallah. Karibu na mwaka 2000, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wakazi wa Kunduchi na Mbweni walishirikiana kurudisha matumbawe na mikoko. Kupandikiza tumbawe kunafanana na kazi yetu ya viraka: unachukua kipande kilicho hai, unakifunga imara mahali palipoharibika, kisha unasubiri. Lakini kiraka hakisaidii kama nguo inaendelea kuchanwa. Na joto la bahari nalo ni mtihani. Mwaka 1998 maji yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi yaligeuka meupe yakafa.

Wenzetu wa Pemba wametupa somo zuri. Kisiwa cha Misali kinasimuliwa kuwa Nabii Khidhri alifika pale, akaomba msala wa kuswalia, akaukosa, basi kisiwa chenyewe kikawa msala wake kwa jinsi kilivyoelekea kibla. Kisiwa hicho kilipofanywa hifadhi mwaka 1998, masheikh nao walishirikishwa kuwafundisha wavuvi kwamba mwanadamu ni khalifa katika ardhi, amekabidhiwa amana na ataulizwa. Wapo wavuvi ambao tangazo la serikali halikuwagusa, ila maneno hayo yaliwagusa.

Na sisi wanawake tumo kwenye amana hiyo. Sisi ndio tunaosimama mnadani Feri, sisi ndio tunaopanga karamu. Ukinunua samaki, mtazame na umbonyeze. Samaki wa baruti nyama yake hulegea mapema, ndani damu imevilia, na ukimpasua unakuta mwiba wa mgongo umevunjika. Mrudishe, hata kama bei ni ya kutupa. Mlipuaji hupata nguvu kwa sababu sisi tunanunua.

Na bi harusi mpenzi, ukitaka ukumbi wenye sura ya bahari, tuambie. Tutakukatia matawi ya matumbawe kwa lesi na shanga, na hakuna atakayejua tofauti. Ndivyo tunavyofanya sasa. Yale mawe meupe ya harusi ile bado tunayo kwenye kabati la kioo dukani. Hatuyauzi wala hatuyakodishi. Mteja akiyaulizia, tunamwambia aliyotuambia yule bibi.

Allah atuwezeshe kuitunza amana. Wabillahi tawfiq.