Dirisha Lenye Viganja: Historia ya Kuta Zilizopambwa Usukumani

Pamba ikianza kuuzwa na mtama ukianza kuingia ghalani, kuta za nyumba za udongo huko Lalago huwa zimechoka. Masika yamezichapa, tope limezirukia kutoka chini, na pembe za madirisha zimemong'onyoka. Shule zinafunga mwezi Juni, watoto wako nyumbani, na kazi ya kukandika inaanza.

Sehemu ya juu ya ukuta ni ya mama. Chini, na pale kando ya dirisha ambapo kiganja kidogo hupita vizuri kuliko kikubwa, ni pa watoto. Udongo ukiwa bado mbichi, mtoto huburuta vidole vinne na kuacha mistari ya kupindapinda. Ukishakauka, huchovya kiganja kwenye majivu yaliyokorogwa na maji, akakigonga ukutani, kimoja baada ya kingine, mpaka dirisha lizungukwe na mikono myeupe. Chini kabisa hupakwa mshipi wa masizi au udongo mwekundu. Unapendeza macho, na pia unaficha matope ya mvua ijayo.

Si kila udongo unafaa. Lalago iko wilayani Maswa, na Wasukuma wameujua udongo wao na kuupa majina zamani sana: luseni wenye mchanga, itogolo unaokakamaa, ibushi wenye chembe za chokaa, na mbuga ule mweusi. Mbuga hufaa shambani, lakini ukutani ni hasara: ukinywa maji unavimba, ukikauka unapasuka. Ndiyo maana huchanganywa na mchanga na samadi ya ng'ombe, ambayo nyuzi zake za majani hushika udongo usiachane. Mtoto anayetumwa kuchota udongo na akarudishwa kwa kuchota usiofaa amepata somo ambalo hatalisahau.

Lakini historia ya kuta hizi haikuanzia dirishani. Nyumba ya zamani ya Msukuma ilikuwa msonge, duara lenye paa la nyasi, mwanga ukiingia mlangoni. Michoro mashuhuri kuliko yote ilikuwa ndani, gizani, katika nyumba za chama cha Bayeye, waganga wa nyoka. Humo kuta zilichorwa nyoka, wanyama na watu wa asili ya chama, kwa weupe, wekundu na weusi, na mwanachama mpya alifundishwa mbele ya michoro hiyo. Asiyekuwa wa chama hakuiona.

Tunaijua leo kwa sababu ya Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuja kuwa mtaalamu wa mila na jamii wa serikali ya Tanganyika. Aliinakili na kuichapisha katika kitabu kilichotoka London mwaka 1953. Alifariki mwaka 1962, na karatasi zake nyingi zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kuta zenyewe zilikuwa za udongo, na udongo ulirudi ardhini.

Kisha pamba ikaleta mabadiliko. Mwaka 1955 vyama vya wakulima vya Kanda ya Ziwa viliungana chini ya uongozi wa Paul Bomani, na fedha ya pamba ikaanza kuonekana majumbani: bati, milango ya mbao, nyumba za pembe nne. Nyumba ya pembe nne ina dirisha, na dirisha lina kingo zinazotaka kumaliziwa. Kwa maoni yangu hapo ndipo mkono wa mtoto ulipopata nafasi yake. Picha ya Bayeye ilikuwa siri ya ndani; dirisha linatazama njiani, kila apitaye analiona.

Mwaka 1974 Operesheni Vijiji, kampeni ya serikali ya kuwakusanya watu katika vijiji vipya, ilipita mkoa wa Shinyanga, ambao Maswa ilikuwa sehemu yake hadi Simiyu ilipozaliwa mwaka 2012. Familia zilihamishwa, kuta zikaachwa zilivyo porini. Ni hasara ambayo haijaandikwa vya kutosha. Lakini aliyejua kukandika alihama na mikono yake, na kwenye vijiji vipya madirisha yalipakwa tena.

Mapambo haya yana msimu kwa sababu sherehe zina msimu. Baada ya mavuno vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana, wageni wanafika, na hakuna mama anayetaka kupokea wageni kwa ukuta uliobanduka. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padri David Clement aliyaingiza mashindano hayo katika sikukuu ya Ekaristi iitwayo Bulabo. Wakulima nao walikuwa na sikukuu yao ya Saba Saba, kisha kuanzia miaka ya 1990 ikawa Nane Nane. Mwaka 2018 maonyesho ya kitaifa ya Nane Nane yalifika Nyakabindi, Bariadi, yakakaa huko hadi 2020. Miongoni mwa fahari za Maswa zilikuwa chaki zilizotengenezwa na vijana wa wilaya hiyo, nyeupe kama majivu ya dirishani.

Sasa matofali ya kuchoma na saruji yanaenea, na sina neno baya juu yake. Nyumba isiyovuja ni haki ya kila mtu. Ila ukuta wa lipu hupakwa rangi mara moja, na fundi wa kulipwa, kisha mtoto anaambiwa asiuguse. Ukuta wa udongo ulidai kurudiwa kila mwaka, na katika kurudia huko binti wa miaka mitano alijifunza kutoka kwa dada yake wa miaka tisa. Ukiondoa marudio, umeondoa shule yenyewe.

Michoro ya Bayeye ilimpata mtu wa kuinakili kabla haijapotea. Madirisha ya watoto bado hayajampata. Kazi hiyo haihitaji mtaalamu kutoka Vienna. Mwalimu wa Lalago mwenye simu anaweza kuifanya mwezi Juni: apige picha ya kila dirisha lililopakwa, aandike tarehe, kijiji, udongo uliotumika na mahali ulipochotwa, kisha awaulize watoto nani aliwafundisha.