Mcheza Kwao Hutuzwa: Waimbaji wa Pwani na Maelezo ya Kazi Yao

1. Utangulizi



Wataalamu wa Kiswahili tumeandika mengi juu ya nyimbo za pwani. Tumehesabu mizani na vina, tumefafanua mafumbo, tumepanga tanzu. Juu ya mtu anayeziimba tumeandika machache zaidi: alijifunza kwa nani, aliishi kwa riziki gani, na yeye mwenyewe aliionaje kazi yake. Mhadhara huu unakusudia kuwarejea waimbaji watatu ambao masimulizi ya maisha yao yamehifadhiwa, na kuwauliza swali moja: je, kuimba kwao kulikuwa kazi ya kuwalisha, au heshima isiyolipwa? Hoja yangu ni kwamba jibu lao linatofautiana na historia tuliyozoea kuisoma, na kwamba tofauti hiyo inapaswa kubadili namna tunavyokusanya habari za wasanii walio hai.

Tuanze na istilahi. Maneno "muziki wa klasiki" huwapeleka wengi Ulaya, kwa akina Bach na Mozart. Lakini tukikubali kwamba muziki wa klasiki ni muziki wenye kanuni zinazofundishwa, wenye mafundi wanaotambuliwa na hazina ya tungo zinazorithishwa, basi taarabu asilia inastahili jina hilo. Inafuata maqamu, yaani mipangilio ya sauti iliyotoka katika muziki wa Kiarabu; na ala zake, kama vile udi, kanuni, fidla, nai na dumbaki, hudai miaka ya kujifunza chini ya fundi. Ngoma za pwani nazo zina masogora na manju wao, ingawa mafunzo yao hayaandikwi kitabuni.

Nitaanzia mahali ambapo historia ya taarabu haianzii kwa kawaida, nayo ni nchi ya Rufiji, kuanzia Umwe hadi kwenye mikoko ya delta. Mikoko hiyo, ambayo eneo lake hukadiriwa kuwa hekta 53,000 hivi, ni msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Kwa muda mrefu boriti zilizokatwa humo zilipakiwa majahazini kwenda Unguja, Uarabuni na Ghuba. Katika nyumba za mawe, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti. Ndiyo maana vyumba vile vilikuwa virefu na vyembamba. Chini ya dari za namna hiyo waungwana wa Unguja walisikiliza udi na fidla. Jina la mwenye nyumba liliandikwa. Jina la aliyeingia topeni kukata boriti halikuandikwa. Historia ya muziki wetu nayo imeandikwa kwa sehemu kubwa kwa mtindo huohuo.

2. Historia ya mwenye nyumba

Kwa mujibu wa masimulizi yanayorudiwa mara nyingi, Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Unguja kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alivutiwa na muziki wa Misri, akampeleka Mohamed Ibrahim mjini Cairo kujifunza kanuni. Mwaka 1905 kikaanzishwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho kinaendelea hadi leo. Waasisi wake walikuwa wanaume wa tabaka la wenye uwezo, na waliimba kwa Kiarabu. Walipiga ala kwa ajili ya starehe na udugu, kama jina la chama linavyodokeza, kwa kuwa maana yake ni ndugu wenye kupendana kwa moyo safi. Kutopokea ujira kulikuwa sehemu ya heshima yao.

Masimulizi haya yana ukweli wake, na mchango wa chama hicho hauwezi kukanushwa. Tatizo lake ni kwamba yanaifanya historia ya muziki kuwa historia ya mlezi wa muziki. Ndani yake fundi anatumwa, anarudi, anapiga. Hatumsikii akisema lolote. Isitoshe, yanaacha dhana kwamba ustadi wa kweli hauguswi na fedha, na kwamba anayeimba ili ale ameshusha sanaa. Dhana hiyo ingali hai miongoni mwetu kila tunapomsifu msanii kwa kuwa "haimbi kwa ajili ya pesa".

3. Siti binti Saad: kutoka vyungu hadi santuri

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, katika familia yenye asili ya utumwa. Jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Kabla ya kujulikana kwa uimbaji alikuwa mfinyanzi. Alivibeba vyungu vyake hadi mjini na kuvinadi kwa sauti. Mwaka 1911 alihamia mjini, ambako alifundishwa uimbaji na Ali Muhsin, kisha akaimba pamoja na mafundi kama Subeti Ambar, Buda Swedi na Mbaruk Talsam, ambaye alikuwa kipofu. Mwaka 1928 alisafiri pamoja na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikaenea pwani nzima kwa lugha ya Kiswahili.

Tunayajua mengi ya haya kwa sababu Shaaban Robert alimhoji muda mfupi kabla ya kifo chake mwaka 1950, akamwandikia wasifu. Msomaji makini wa Wasifu wa Siti binti Saad atatambua sauti mbili. Moja ni ya Shaaban Robert, mwanamaadili anayetafuta funzo katika kila tukio. Ya pili ni ya Siti, na imekaa zaidi katika mambo ya kazi: kufinyanga, kutembea, kujifunza, kusafiri. Kwa Siti, sauti iliyonadi vyungu na sauti iliyoingia katika santuri zilitoka katika kifua kimoja, na zote mbili zilikuwa za kutafutia riziki.

Wapinzani wake walilitambua hilo, wakalifanya silaha. Walimkejeli kwa nyimbo, wakimkumbusha asili yake na sura yake. Naye aliwajibu kwa wimbo kwamba thamani ya mtu haimo katika uzuri wa sura. Ukumbukwe wakati wenyewe: hadhi ya kisheria ya utumwa ilikuwa imefutwa Unguja mwaka 1897, lakini nasaba iliendelea kuwa mizani ya utu. Mwanamke aliyezaliwa akiitwa Mtumwa, akafa akiitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima, hakuipata heshima hiyo kwa kuukataa ujira. Aliipata kwa kazi iliyolipwa.

4. Bi Kidude: ufundi mmoja kati ya mwingi

Fatuma binti Baraka, maarufu kwa jina la Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, alizijua nyimbo za Siti kwa kumsikiliza. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, na filamu juu ya maisha yake ikatoka mwaka 2006. Watayarishaji wa matamasha walipenda kumwonyesha kama ajabu ya umri. Lakini maisha aliyoishi yanaonyesha kitu kingine. Bi Kidude alikuwa kungwi wa unyago, mpiga msondo, mpakaji hina na mjuzi wa dawa za mitishamba. Uimbaji wa taarabu ulikuwa ufundi mmoja katika mkusanyiko wa fundi mbalimbali, na zote zilihudumia watu walewale katika arusi, unyago na ugonjwa.

Hapa tunalazimika kuhoji tafsiri yetu ya neno "taaluma". Tukimtaka msanii awe na kazi moja tu ndipo tumwite mwanataaluma, tutamwondoa Bi Kidude, tutamwondoa Siti wa miaka ya vyungu, na tutawaondoa karibu masogora wote wa vijiji vya pwani, ambao asubuhi hulima au huvua na usiku hupiga ngoma.

5. Bibi Titi Mohamed na Rufiji

Shahidi wangu wa tatu hakuwa mwimbaji wa taarabu, na wengi humjua kwa siasa. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, alikuwa mwimbaji kiongozi katika kikundi cha ngoma cha wanawake kilichoitwa Bomba kabla ya kujiunga na TANU. Katika mahojiano aliyofanya na mwanahistoria Susan Geiger mwaka 1984, alieleza jinsi alivyoviendea vikundi vya ngoma vya wanawake na viongozi wao mwaka 1955, na katika miezi michache wanawake wapatao 5,000 wakajiandikisha. Uimbaji ulikuwa umempa sauti ya hadharani, mtandao wa wanawake wenzake, na uzoefu wa kuongoza kiitikio. Hakuna chuo kilichompa hayo.

Baada ya uhuru Bibi Titi aliingia bungeni, na katika uchaguzi wa mwaka 1965 alishindwa katika jimbo la Rufiji. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Yeye alicheza kwa ajili ya nchi nzima, na nchi haikumtuza upesi: alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kosa la uhaini, akaachiwa mwaka 1972, na miaka mingi ikapita kabla ya jina lake kurudishwa mahali pake. Alifariki mwaka 2000. Nayataja haya kwa sababu yanaifafanua methali yenyewe. Kutuza si kumpa mtu fedha tu. Ni kukiri hadharani kwamba alichokifanya ni kazi, na kwamba sisi tumefaidika nacho.

6. Hitimisho

Katika ukumbi wa taarabu, msikilizaji aliyeguswa huinuka, hutembea hadi mbele na kumtunza mwimbaji. Tendo hilo hulipa na hapohapo huheshimu. Mafundi wetu hawakuona mgongano kati ya mambo hayo mawili. Mgongano umeletwa na sisi waandishi, tuliorithi mtazamo wa mwenye nyumba.

Chuo cha muziki cha DCMA kilipoanzishwa Zanzibar mwaka 2002, taarabu ilipata madarasa na mitaala. Ni hatua kubwa. Hata hivyo, misukosuko ya fedha iliyokipata chuo hicho mwaka 2016 na 2019 ilirudisha swali la Siti mlangoni: nani anamlisha fundi anayefundisha?

Kwenu wanafunzi ninaacha pendekezo la utafiti. Mtakapokwenda Umwe, Kibiti au kisiwa chochote cha delta kukusanya nyimbo, msirudi na matini peke yake. Muulizeni manju maswali matatu: ulijifunza kwa nani, unalipwa nini, na unamrithisha nani? Andikeni jibu lake kwa maneno yake mwenyewe, na jina lake juu ya ukurasa ikiwa ameridhia. Shaaban Robert alimfikia Siti ikiwa imebaki miezi michache. Tusiufanye wakati huo mfinyu kuwa ndio kanuni ya taaluma yetu.